Gari Jekundu la Kamau

Ndugu Kamau,

Kwa miaka mingi niliandika barua zako zote, wewe ukisema nami nikinyoosha sentensi. Hii ndiyo ya kwanza ninayokuandikia wewe mwenyewe. Nimechoka, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Mwenye kiwanja cha gereji yako pale Kariobangi anataka kujenga nyumba za kupangisha. Baada ya kukuzika, alimpa mkeo, Wambui, mwezi mmoja aondoe kila kitu. Vifaa vilipata wenyewe. Likabaki gari: lile dogo jekundu la Kiingereza, la viti viwili, lisilo na paa. Wambui alilitegemea limwezeshe kurudi Murang'a na kufungua duka. Akapata mnunuzi, mkusanyaji wa magari ya kale, mtu mpole. Alitaka jambo moja tu: historia ya gari kwa maandishi, yenye sahihi ya mtu anayelijua tangu zamani. Mtu huyo ni mimi.

Historia niliijua kwa moyo. Ulinisimulia kila Jumapili baada ya kanisa, nikiwa nimeketi juu ya tairi kuukuu. Lilishushwa Mombasa likiwa jipya. Lilikuwa la daktari Mwingereza uliyemfanyia kazi, naye aliporudi kwao akakuachia wewe. "Mwalimu, ni lile lile, halijabadilishwa kitu," ulikuwa ukisema. Niliyaandika hayo yote. Kisha, kwa mazoea yangu ya kusahihisha, nikaenda kulinganisha namba.

Namba iliyogongwa kwenye chuma cha mbele na ile ya nyuma hazikulingana. Nikamwita Otieno, fundi uliyekuwa ukichomelea naye vyuma. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mwalimu, hizo ni gari mbili. Ya daktari iligongwa na lori nyuma, ikaisha. Mzee Kamau akatafuta ingine imeumia mbele, tukakata, tukaunganisha. Huku kila mtu anajua."

Nikamwuliza kwa nini mimi sikuambiwa.

"Tungekuambia, si ungeandika."

Kamau, neno hilo limenichosha kuliko mazishi yako. Ulinipa chai Jumapili zote hizo, na hukuniamini kwa jambo ambalo hata wauza mitumba wa jirani walilijua.

Wambui aliniomba nitie sahihi karatasi ya kwanza. "Mwalimu, mara hii moja tu, fumba macho." Sikumlaumu. Lakini kutia sahihi sikuweza. Niliandika upya, magari mawili. Mnunuzi akasoma, akafunika boneti taratibu, akaondoka. Wambui hajanisalimu tangu siku hiyo. Kesho yake wanunuzi wa vyuma vikuukuu wakaja na misumeno.

Niliwarudisha. Otieno na wenzake walilisukuma hadi kwangu Komarock, na sasa limeziba mlango wa jikoni. Naingia kwa ubavu.

Juzi nililala chini yake nikiwa na tochi na miwani, kwa umri huu, nikatafuta mahali mlipounganisha. Nilipapasa kwa vidole tangu mlango hadi mlango. Sikupaona.

Basi karatasi nimeiongezea. Chini ya jina la daktari nimeandika kwamba gari hili liliundwa mara ya pili Kariobangi, na fundi Kamau, na kwamba kiungo chake hakionekani. Nimetia sahihi.

Kwaheri, ndugu yangu. Atakayelinunua atalinunua kwa karatasi hiyo, na malipo yatafika mkononi mwa Wambui, anisalimu asinisalimu. Hadi hapo nitalifunika lisinyeshewe, na hakuna atakayelikata tena.

Mwalimu wako