Jiwe la Nane

Yaya Mwansa, kaka yangu,

Nianze na habari njema, maana wewe barua ikianza na msiba ulikuwa unaikunja na kuikalia. Nimezaa. Ni msichana, mnene, mkali, na tumempa jina lako. Bamayo, mama yetu, ndiye aliyelitaja siku kitovu kilipodondoka, mtoto akanyamaza papo hapo, wazee wakasema umekubali. Mimi nilicheka. Nikawaambia Mwansa ninayemjua mimi hajawahi kunyamaza akiitwa. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu nilikuwa nimelitamka jina lako kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na hukuitika.

Ninakuandikia kwa Kiswahili. Hapa Nchelenge tunaishi kwa Kibemba, na Kiswahili tunakitoa mashua za Kasenga, ng'ambo kule Kongo, zikija kununua samaki. Lakini ulinifundisha kusoma kwa Kiswahili, kule kambini kwenu mgodini, mwaka ule nilipokuja kukupikia. Uliandika kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta wa jiko hadi ukuta ukawa mweusi, tukaupaka chokaa, tukaanza upya. Kwa hiyo hii ni lugha yetu sisi wawili. Bamayo hawezi kuisoma. Na mimi nina jambo la kuungama.

Ni yale mawe.

Unakumbuka ulivyoyaleta. Ulishuka kwenye mashua na gunia la unga wa muhogo begani, umepinda mgongo kama babu, nikajiuliza ni unga gani huu wa kumpinda Mwansa. Ndani ya unga mlikuwa na mawe manane meusi, kila moja kama ngumi, mengine yana mishipa ya manjano kama kiini cha yai. Ukaniwekea moja mkononi, mkono ukashuka wenyewe.

«Mudogo yangu, ona hii majiwe. Iko kadogo, lakini iko nzito kupita chuma. Nyavu yako haitatembea tena na maji.»

Nikakuuliza kama walikuruhusu kuyachukua. Ukacheka mpaka ukashika mbavu.

«Muzungu anakatazaka kitu ya muzuri tu. Kama ingekuwa ya mubaya, angetupatia bure.»

Tulicheka wote. Tukakaa mchangani siku nzima, tukayafunga kwenye pembe za nyavu zangu mbili, manne huku, manne kule, mahali pa vitonge vyangu vya udongo vilivyokuwa vinapasuka kila wiki. Na kweli, Yaya, nyavu hazikutembea. Ziwa la Mweru lichafuke litakavyo, asubuhi nilizikuta pale pale nilipoziacha. Wanawake wenzangu waliniuliza nina dawa gani. Nikawaambia nina kaka.

Halafu ukarudi na kikohozi. Daktari wa mgodi alisema ni mapafu. Mwishoni ulikuwa mwepesi kiasi kwamba nilikubeba peke yangu kutoka barazani hadi kitandani, mimi ambaye ulikuwa unanitupa ziwani ili nijue kuogelea. Sijui ni nini kilichokuua. Nisichokijua sitakisema, hata kwako.

Kiangazi kilichopita alikuja kijana wa kizungu, mpima mawe, akatafuta mtu wa kumsemea kwa Kibemba na kwa Kiswahili. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini kilitosha. Alibeba kisanduku kinacholia tik, tik, taratibu, kama mvua inayoisha juu ya bati. Tulipopita ufukweni, mahali nyavu zangu zinapoanikwa, kisanduku kikapagawa. Kijana akatabasamu, akadhani amepata utajiri. Kisha akaona mawe yamefungwa kwenye wavu, na mikono yangu iko juu ya wavu, na tabasamu likamtoka. Akaniuliza yametoka wapi. Nilipoutaja mgodi wenu, akakaa chini mchangani na suruali yake nzuri.

Alinieleza polepole. Jiwe lenyewe linaitwa uraniamu. Ndilo lililotumika kwenye lile bomu kubwa la Ujapani. Linatoa kitu kisichoonekana wala kunusika, kinaingia mwilini na kufanya kazi yake bila haraka. Akasema hata kwao Uingereza walijenga tanuru kubwa la kitu hicho, tanuru likashika moto, na maziwa ya ng'ombe wa jirani yakamwagwa yote, ingawa yalikuwa meupe na matamu kama kawaida. Nikamuuliza, kwenu mlimwaga maziwa, na huku nani aliwaambia wachimbaji?

Hapo nikakumbuka. Uliwahi kunisimulia kwamba kisanduku kama hicho kilipita kwenu pia. Mabwana wawili walipima meza mlizokuwa mnachambulia mawe, wakaandika kwenye daftari, wakaondoka. Ukamuuliza msimamizi kinasema nini, akakujibu si kazi yako. Kwa hiyo walipima. Waliandika. Walijua! Na wewe neno walilokupa lilikuwa moja tu, usiibe. Wangekuambia linaumiza, ungeliacha, nakujua. Walikuambia usiibe, nawe ukasikia kwamba ni zuri.

Tumekua tukiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Na mkuu akinyamaza, je?

Nilikasirika hivyo siku nyingi, nikajiona mimi ni mwema na wao ni wabaya. Sasa sikiliza nilichofanya.

Kijana alichimba shimo refu juu ya kilima, mbali na visima, akayabeba mawe kwa koleo. Aliniuliza yalikuwa mangapi. Nikasema saba. Alipoona wavu mmoja una pembe tatu tu zenye jiwe, akauliza la nne liko wapi, nikasema lilidondoka ziwani. Aliniamini. Akaandika barua kwa wakubwa wake, akaenda zake, na mpaka leo hajaja mtu mwingine.

La nane lilikuwa na mshipa wa manjano, na wewe mwenyewe ndiye uliyelifunga. Fundo lako lile, la kuzungusha mara mbili kisha kukaza kwa meno, ambalo hukuwahi kunifundisha vizuri kwa sababu ulipenda niombe. Nilijaribu kulifungua nikashindwa. Kulikata sikuweza. Nilikuwa na nini kingine chenye mkono wako? Ukuta wa jiko la kambini ulishapakwa chokaa. Basi usiku, kabla hajayachukua, nilikata jiwe pamoja na kipande cha wavu, nikalitia kwenye sanduku lako la bati chini ya kitanda. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nalitoa, naweka kidole juu ya fundo, naongea nawe kidogo. Nilikuwa nimekukosa, Yaya. Sina namna nyingine ya kusema.

Sikumwambia mtu. Bamayo alipouliza mawe yameenda wapi, nilimwambia serikali imeyahitaji. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka ufukweni mchana, nikamkuta mtoto barazani, uchi, amelala chali, jiwe liko juu ya tumbo lake. Amelishika kwa mikono yote miwili. Fundo lako liko kinywani, analitafuna kwa ufizi. Bamayo ameketi pembeni anabambua karanga, uso umemng'aa. Akaniambia amelitoa sandukuni yeye mwenyewe, kwa sababu mwenye kurithi jina sharti ashike kitu cha mwenye jina, ndipo marehemu aijue nyumba yake. Na ni kweli. Ndivyo tunavyofanya. Nani alimwambia asifanye?

Nililinyakua. Mtoto akalia kwa hasira, sauti yako kabisa. Nikamgeukia Bamayo nimfokee, na neno lililonitoka likawa, «Usilishike!» Basi. Bila sababu, kama msimamizi wenu. Bamayo akanitazama, akasema kwa upole, «Wewe kitu chake kizuri unataka kiwe chako peke yako.»

Yaya, nilikuwa nimekusikia wewe, na gunia lako la unga, ukisema muzungu anakatazaka kitu ya muzuri tu.

Nikaketi pale pale kwenye maganda ya karanga nikamwambia yote: kisanduku, maziwa yaliyomwagwa, shimo, uongo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, «Na Mwansa?» Sikujua anamuuliza yupi. Nikajibu sijui, na ndiyo kweli kwa wote wawili.

Mtoto anakula, anacheka, ananing'ata. Kila asubuhi namchunguza ufizi, nywele, ngozi, na nitamchunguza miaka na miaka. Wale mabwana walinyamaza kwa sababu zao, mimi nilinyamaza kwa kukupenda, na jiwe likafanya kazi yake vile vile. Sitajisamehe haraka, na wewe usiniharakishe.

Jana tulilipeleka kilimani, mimi na Bamayo, kwa koleo la kuazima. Nilitaka nibaki na kamba peke yake. Bamayo akakataa, akasema nayo iende, imelala na jiwe siku nyingi mno. Ikaenda. Tulipofukia, akateremka moja kwa moja mpaka kisimani akawaeleza wanawake kilichoko kule juu na kwa nini wasichimbe. Hasa kwa nini. Alirudia mara tatu, unamjua.

Nimerudia vitonge vya udongo. Nachoma kumi, sita vinapasuka. Nyavu zinatembea tena, asubuhi nazifuata kama mama anayefuata mbuzi wa mtu, nikitukana, na nasikia unavyonicheka.

Vijana bado wanavuka kwenda migodini, Yaya. Siku za mashua nasimama pale wanapopandia. Nawaambia kwa Kibemba, kisha kwa Kiswahili chako: jiwe jeusi zito lenye manjano, usilibebe kwenda nalo nyumbani, si kwa sababu ni la mzungu, ni kwa sababu linaumiza. Na wakipita na kisanduku kinacholia, uliza kinasema nini. Ukiambiwa si kazi yako, uliza tena. Wameshanipa jina, Mama Majiwe. Wacha wacheke. Nakuahidi sitaondoka pale. Na huyu mwenye jina lako akiuliza habari zako, nitamwambia yote pamoja, kwamba ulitupenda, kwamba zawadi yako ilikuwa mbaya, na kwamba hukuambiwa.

Leo nimejaribu fundo lako kwenye kitonge cha udongo. Nimezungusha mara mbili, nimekaza kwa meno. Limefunguka. Kesho nitajaribu tena. Pumzika, Yaya.

Mudogo yako,
Chola