Wa Tatu Kwenye Foleni

3 Februari

Mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, mgongo haukusumbui, na lori halikusumbui kuliko mgongo. Mimi nipo. Mapafu yangu yanafanya kazi nusu siku, kama karani siku ya Ijumaa. Dada yako ananilisha uji, ananigeuza, ananigombeza. Kwa hiyo sijambo. Simu nimemrudishia, maana siku hizi sisikii neno mpaka mtu aniinamie sikioni. Ndiyo sababu nakuandikia. Barua nampa Kipara, dereva mwenzako, ambaye atakukuta mpakani.

Dada yako ameniambia kampuni imekupa kazi ya kufundisha madereva wapya pale yadini, na una mpaka mwisho wa mwezi kujibu. Ameniambia pia kwamba unataka kukataa. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Muulize mwenyewe, nyie wawili mnaelewana kwa lugha ya injini." Basi nauliza. Una mke, na una binti wa miaka mitano aliyemwambia mwalimu wake kwamba baba yake anaishi kwenye lori. Unakataa nini hasa?

Nijibu upesi. Sikuharakishi mimi, ni haya mapafu.

Baba yako

14 Februari

Shikamoo baba,

Barua imefika, na Kipara kaileta ikinuka samaki, ila maneno yote yanasomeka. Mimi mzima, kasoro kiuno. Tuko foleni siku ya nne, malori yamerudi nyuma mpaka darajani. Naandikia juu ya usukani, kwa hiyo mwandiko ukikata kona usishangae.

Umeuliza. Baba, nikikaa nyumbani siku tatu kuta zinaanza kunisogelea. Siku ya nne natoka nje kukagua matairi ya gari la jirani. Mke wangu husema, "Nenda, baba, nenda, kabla hujapaka kabati langu grisi." Tunacheka, naondoka. Nikishafika huku nalalamika: usingizi, vumbi, mizani, askari. Wote tunalalamika. Kila mmoja anaapa hii ndiyo safari yake ya mwisho, na mwezi ujao nawakuta palepale, wameegesha palepale. Walioacha kweli nawajua watatu. Mmoja mgongo, mmoja ajali, mmoja alirudi kwake akakuta kufuli mpya mlangoni.

Lakini sababu kubwa ni wewe. Uliacha ualimu ukashika usukani ili sisi tusome. Miaka thelathini na moja. Mama alikufa wewe umekwama kwenye foleni hiihii, na baada ya matanga ukarudi barabarani kwa ajili yetu. Dada amenilea kwa sentensi moja: "Baba hakuwa na la kufanya." Mpaka leo madereva wazee wakisikia mimi ni mtoto wa Mwalimu wananipisha kiti. Wewe uvumilie yote hayo, halafu mimi nikae yadini na kalamu sikioni kwa sababu mtoto ananililia? Ningekutazama vipi usoni?

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Salamu leo ni fupi. Hali ni ileile, ila imeshuka ngazi moja. Barua yako nimeisoma mara tatu. Sasa nisikilize, na uzuri wa barua ni kwamba huwezi kunikatiza.

Sikuacha ualimu ili msome. Mshahara wa mwalimu ungewasomesha, kwa shida, kama ulivyosomesha watoto wa walimu wengine. Na tukitaka kusema kweli, wa kusomeshwa mlikuwa wawili, akasoma mmoja. Niliacha kwa sababu foleni ilinifanya mtu. Madereva waliniletea fomu zao za forodha nikawajazia, wakaniita Mwalimu kwa heshima ambayo darasani sikuwahi kuipata. Nyumbani nilikuwa mgeni anayeombwa ainue miguu wafagie. Mama yenu alikuwa na mpangilio wake, nanyi wenu, mimi nikifika nauvuruga. Badala ya kujifunza kuishi nanyi, nilipakia tena. Ni rahisi sana kuwapenda watu ukiwa kilomita mia nane kutoka walipo.

Kampuni ilinipa kazi ya kusimamia yadi mara mbili. Mara zote mbili nilikataa, kwa maandishi safi, na mama yenu nikamwambia wamempa mtu mwingine. Mara ya pili aliikuta barua yao kwenye mfuko wa koti aliponifulia. Hakupiga kelele. Alisema, "Ukirudi safari hii, tutaongea." Nikaondoka.

Wakati wa kurudi, Ijumaa, saa tano asubuhi, karani wa forodha alinifuata na ujumbe: mkeo amelazwa, njoo. Nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Karatasi zangu zilikuwa tayari. Ningevuka kabla ya saa sita na jioni ile ningekuwa kando ya kitanda chake. Nyuma yangu kulikuwa na lori la nyanya. Nikamwambia dereva, "Pita, mzigo wako unaoza." Aliyemfuata alikuwa amebeba nondo. Nondo haziozi. Naye nikamwambia apite. Niliwapisha saba, wakanishukuru wote saba. Saa kumi lango likafungwa mpaka Jumatatu.

Nilijiambia ni homa kama homa nyingine. Nilijiambia atatoka hospitali, hasira zitakuwa zimepoa. Kifo sikukiogopa, mwanangu, kwa sababu sikujua kinakuja. Niliogopa maongezi.

Alifariki Jumapili. Dada yako alikuwa na miaka kumi na saba, yuko naye peke yake, na kila mama yenu alipouliza, alimjibu, "Baba yuko foleni."

Foleni haikunizuia. Ukitaka kukataa ile kazi, kataa kwa jina lako. Usitumie langu.

Baba yako

2 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu. Mwezi umekwisha, na kwako hakuna neno. Kipara amepita hapa. Kuniinamia sikioni hataki, anasema uzee unaambukiza, kwa hiyo ameniandikia nyuma ya risiti ya dizeli. Anasema barua yangu uliisoma umesimama, ukaikunja, ukakagua matairi yote ishirini na mawili, kisha ukayakagua tena, ukapanda ukafunga mlango.

Siulizi kama umenisamehe. Nauliza kama uliwajibu kampuni.

Baba yako

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Salamu hiyo nimeiandika kwa sababu bado wewe ni mkubwa wangu. Mengine sijui niyaiteje.

Mwezi wa kwanza ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwa binti yangu. Nilikuwa na nafasi nzuri hapa mpakani, nikawapisha wawili, nikajiona muungwana. Baada ya barua yako nimekaa humu ndani ya lori nikajiuliza vizuri. Uungwana haukuwepo. Nilikuwa naogopa kwenda kukaa kwenye vile viti vidogo, katikati ya akina mama wanaojua jina la kila mtoto, na mimi sijui hata darasa ni lipi.

Kampuni niliwajibu tarehe ishirini na saba. Nimekubali, naanza baada ya safari hii. Usijipongeze. Sikufanya kwa ajili yako, na sina hakika nitaweza. Nilimpigia mke wangu nikamwambia naogopa kukaa nyumbani. Akasema, "Na mimi je? Nimezoea kulala katikati ya kitanda. We njoo, tugombane tukiwa tunaonana."

Ila hasira yangu kubwa ni kwa ajili ya dada. Aliacha shule ili anilee, na kwa miaka ishirini na sita anakutetea hata kwa watu ambao hawajamuuliza. Sasa mimi najua, na yeye anakuosha mgongo hajui. Siwezi kukaa naye meza moja na jambo hili mdomoni. Nafika Alhamisi. Mwambie kabla sijafika. Kwa kinywa chako, si kwa barua.

Mwanao

Jumatano, 12 Machi

Mwanangu,

Natumai umesafiri salama. Barua hii haitakufuata njiani, utaikuta mezani. Naiandika kwa sababu kesho huenda pumzi isitoshe kusimulia mara ya pili.

Nimemwambia. Ilikuwa jana asubuhi, anakunja mashuka. Pumzi iliniishia mara mbili, na mara zote mbili alisubiri. Nilipofika kwenye lori la nondo aliketi. Nilipomaliza aliniinamia sikioni, akasema polepole ili nisikie kila neno: "Mama aliniuliza mara tisa. Nilihesabu." Akatoka. Mchana uji aliniletea jirani.

Leo asubuhi amekuja na beseni na wembe. Hakunisalimu. Amenipaka povu, akanishika kidevu kwa nguvu kuliko siku zote, akaninyoa shavu moja. Kisha akasimama, akatazama ukuta. Nilikuwa na maneno, unanijua, maneno hayajawahi kunipungukia. Nimeyaacha. Akaweka wembe kitini, akaenda uani.

Mlango ameuacha wazi. Kutoka hapa namwona, ameketi kwenye ngazi, kanipa mgongo. Povu linakauka kwenye shavu la pili na maji yanapoa. Simwiti. Namngoja.

Baba yenu