Mama, Dawa Uliyoiacha kwa Ajili Yangu

Mama yangu kipenzi,

Nakuandikia nikiwa na mimba ya miezi saba, nimekaa barazani hapa Zinga, nguo za mtoto nimezianika mbele yangu. Ungekuwepo ungeniambia nimezianika vibaya.

Unakumbuka Mlingotini tulivyokuwa tukikohoa kwa zamu? Nikianza mimi, wewe ulikuwa ukinipokea, na baba alikuwa akisema nyumba yetu haihitaji jogoo. Tulicheka mpaka tukakohoa tena. Lakini siku moja nilibanwa sana, nawe ukinisugua mgongo ulisema polepole, "Kifua hiki nimekupa mimi." Nilikuwa mdogo, sikukuelewa.

Juzi kliniki nilimuuliza nesi. Alinieleza kwamba pumu ni kinga ya mwili kukosea adui: vumbi tu au moshi, mwili unapigana kana kwamba umevamiwa. Mama mjamzito akibanwa mara kwa mara bila tiba, vita hivyo huenda vikamgusa na mtoto tumboni, akazaliwa akiwa mwepesi zaidi wa kupata pumu. Alilisisitiza neno hilo, "huenda". Urithi una sehemu yake, moshi wa nyumbani nao, na hakuna awezaye kusema pumu yangu ilitoka wapi. Ila dawa ya kuvuta nisiiache, maana mtoto anategemea pumzi yangu.

Kurudi nyumbani nikamkuta Mama mkubwa, dada yako, na chetezo chake. Makaa yamekolea, udi na ubani tayari, anifukize kama desturi yetu. Nilimwamkia, kisha nikamwomba asinifukize. Unamjua dada yako. Kukataliwa na mtoto aliyemwogesha mwenyewe si jambo dogo. Alinuna, akauliza tangu lini udi ukawa sumu. Nikamweleza yote ya nesi, nikamwonyesha na dawa yangu.

Alipoiona aliyamwagia makaa maji.

"Mama yako alikuwa nayo kama hiyo," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia aiache, itamdhuru mtoto. Akabanwa mimba nzima, na hakuigusa."

Mtoto mwenyewe ndiye mimi. Kumbe miaka yote ulijilaumu peke yako, na dada yako hukumtaja hata siku moja. Nililia, Mama, sikufichi. Kisha nikaona wazi kwamba sina cha kukusamehe. Ulivumilia kukosa pumzi ukiamini unanilinda, na ungeambiwa vingine ungefanya vingine. Mimi nimeambiwa vingine, kwa hiyo dawa yangu navuta kila siku bila kujificha, na siogopi. Mtoto akija na kifua kizima, Alhamdulillahi. Akija nacho kama chetu, nitamtibu, na hatasikia kwangu neno baya juu ya bibi yake.

Nimemwomba Mama mkubwa aje kunilea siku arobaini za uzazi. Alikataa, akasema mikono yake haistahili kumgusa mtoto huyu. Nikamwambia simtaki mlezi mwingine, na kwamba wewe ungekuwa hai ungemwita yeye kwanza. Mwishowe akauliza nesi yule yuko kliniki siku gani, naye akamsikilize kwa masikio yake kabla hajashika mtoto.

Pumzika, Mama. Huku tuko salama.

Mwanao, kifungua mimba wako