Mlima Wetu Hauitwi Mahame

Albertville, nyuma ya stesheni,
tarehe 9 Januari 1956

Mpendwa Pascaline, mtoto wa marehemu dada yangu Régina,

Leo nimetimiza miaka thelathini na minne tangu nilipoondoka Kabambare. Tarehe hiyo niliiandika siku ileile ndani ya jalada la kitabu changu cha sala, na wino wake haujafifia.

Salamu nyingi zikufikie huko Kasongo, wewe na wote wanaokula chungu kimoja nawe. Hujambo? Kifua cha mume wako Octave kimepoa, au bado anakohoa asubuhi? Nilisikia mvua zimewanyima mpunga mwaka huu. Nieleze kama mlipata hata mbegu ya kupanda tena.

Sisi huku tuko kama watu wa umri wetu. Macho yangu bado yanasoma, magoti ndiyo yamekataa. Ziwa lilichafuka wiki nzima, dagaa hawaonekani, tunakula maharagwe na kunyamaza. Mke wangu Ernestine anakusalimu. Bado anashona nguo za watu, ila uzi natunga mimi kwenye sindano.

Barua yako ilifika siku tatu kabla ya Noeli. Umeniambia kwamba tarehe 20 Machi Bwana Mkubwa anayetawala teritwari atafanya baraza Kabambare kuuliza habari za mlima, kwa kuwa kampuni ya dhahabu inataka mpaka wake ufike hadi kileleni. Umeniambia ukoo wote umepatana nije mimi kutoa ushahidi kwamba kijiji cha mlimani kilikuwa na wenyewe, kwani ndimi pekee niliyebaki kati ya waliozaliwa kule juu. Nikishuhudia hivyo, unasema, huenda mkaachiwa makaburi na mashamba ya juu. Nimeisoma barua hiyo mara nne. Nitakujibu, lakini kuna neno moja ndani yake ambalo lazima nianze nalo.

Umeandika: "mlima wetu wa Mahame." Sikulaumu. Madereva wa kamyo wanasema hivyo, wachimbaji wanasema hivyo, na katika ramani ukutani mwa ofisi imeandikwa hivyo kwa herufi nzuri. Lakini mlima wetu hauitwi Mahame. Unaitwa Kalulwe. Nikishakueleza lile jina lingine lilitoka wapi, utalijua jibu langu kabla sijaliandika.

Nakiri kwanza kosa dogo. Mwaka jana, mwezi wa Julai, nilikuja. Nilipanda kamyo mpaka Kabambare, nikalala siku nne kwa Faradji, yule mwungwana wa Kasongo anayeuza chumvi na vitambaa. Utotoni, nilipopelekwa kusoma Kasongo, tulikuwa majirani. Yeye akienda chuoni kusoma Korani, mimi nikienda misioni. Sikufika kwako. Nilitaka kuuona mlima bila mtu wa ukoo kuniangalia usoni. Nisamehe kama unaweza.

Siku hizi kupanda Kalulwe kunataka kibali. Nikaenda ofisini, nikaandika jina langu kwenye karatasi, na karani akafungua jalada la mlima ili anakili namba yake. Kijana mpole, anaitwa Marcellin. Akasoma kimya, halafu akaitazama karatasi yangu, halafu akanitazama mimi.

"Muzee," akasema, "hapa iko imeandikwa: mukalimani alisema ni mahame, hakuna mutu. Na jina la mukalimani iko Raphaël. Ni weye?"

Nilimjibu ni mimi.

Hili ndilo ambalo hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kulijua, Pascaline, hata mama yako. Mwaka 1921, mwezi wa Juni, alikuja mzungu wa kupima ardhi na mnyororo wake, na mimi, niliyekuwa nimesomea misioni Kasongo, nilichukuliwa niwe mkalimani. Tulipofika juu tulikuta nyumba bila milango wala watu. Mkubwa wa kijiji alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nawe huenda hukupata kuambiwa desturi ya kule: mkubwa akifa, watu wote huvua milango ya nyumba zao na kushuka mashambani kwa masika mawili. Anabaki mwanamke mzee mmoja, anatunza moto kwenye mlango wa pango. Masika ya pili yakiisha wanapanda, kila nyumba inachukua kaa lake pangoni, na milango inarudishwa. Katika lugha yetu husemwa kwamba kijiji kimelala.

Yule mzungu akauliza kijiji hiki ni cha nani na watu wako wapi. Wazee waliotusindikiza wakaniambia wazi: "Mwambie kimelala." Mimi nikaona haya. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimevaa viatu, nikafikiri mzungu atacheka akisikia kijiji kinalala kama mtu. Nikatafuta neno la kisomi. Waungwana wa Kasongo, wenye Kiswahili cha pwani, walikuwa na neno zuri kwa mahali pasipo watu, nami nililipenda kwa sauti yake. Nikasema, "Ni mahame, Bwana."

Unalijua neno hilo. Mahame ni mahali palipohamwa, pameachiwa nyoka na majani, hakuna anayerudi. Mzungu akauliza tahajia yake. Nikamtajia herufi moja moja, kwa fahari. Akauona moshi wa pangoni, akauliza ule ni wa nani. Nikajibu, "Ni bibi mmoja tu." Alikuwa bibi yangu mzaa mama, ambaye mama yako alirithi paji lake la uso.

Miezi sita baadaye ikaja amri ya serikali ya Bula Matari: ardhi ya juu haina mwenyewe, watu wote wajenge kando ya barabara. Bibi alikataa kuuacha moto. Nikatumwa mimi nimshawishi, nami nikamwambia ni kwa masika mawili tu. Akaamini. Aliteremka amebeba kigoda chake, na barabarani hakumaliza mwezi. Alituuliza kila asubuhi kama masika yamekwisha. Tulimzika tarehe 6 Januari. Tarehe 9 nikaondoka.

Nilimweleza karani habari hii yote, nikimwomba lile neno lisahihishwe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila dharau yoyote:

"Muzee, kama ulisema uongo wakati ule, leo nani atakuamini? Na kama ulisema kweli, unakuja kudai nini?"

Akanigongea muhuri kwenye kibali.

Kesho yake tukapanda, mimi na Faradji, alfajiri. Alinitania njia nzima. Alisema magoti yangu yanalia kuliko bawaba za mlango wa msikiti, na kwamba Mungu wa wakristo angewapa watu wake angalau punda. Nilifurahi kwa utani wake. Bila huo ningegeuka nyuma kwenye kijito.

Nakuandikia njia kama ilivyo, kwa sababu hujawahi kuiona na nadhani hutaiona. Ukitoka barabarani unavuka kijito mara mbili, ndipo unafika kwenye chemchemi ya maji ya moto. Wanawake walikuwa wakichovya humo vikapu vya mihogo, nayo ikalainika kwa siku moja badala ya tatu. Chemchemi bado ipo, inachemka pembeni mwa lundo la mapipa. Baada yake njia inaingia msituni, mahali pa mbega. Tulimwona mbega mmoja tu, ameketi juu kabisa, mkia wake mweupe ukining'inia kama taulo iliyosahaulika. Faradji akamwamkia shikamoo.

Juu ya msitu palikuwa na maporomoko yetu, ngazi tatu za maji, na nyuma ya ngazi ya kati mbayuwayu walijenga viota. Utoto wangu sauti yake ilisikika mpaka kwenye nyumba. Sasa kampuni imekata mfereji juu yake, maji yanapelekwa upande wa pili kuoshea mchanga wa dhahabu. Tulikuta ukuta wa mwamba mkavu, na viota vya zamani bado vimegandama. Hakuna ndege hata mmoja.

Kutoka hapo unafika kwenye lango. Ni majabali mawili yaliyoegemeana, na nafasi kati yake ni nyembamba hivi kwamba mwenye mzigo lazima apite ubavu ubavu. Wazee walisema hakuna vita vilivyowahi kulipita lango hilo. Hata wakati wa vita vya Waarabu, nilipokuwa mgongoni kwa mama, watu wa bonde lote walikimbilia humo. Nilipita ubavu ubavu ingawa sikuwa na mzigo. Mwili ulikumbuka wenyewe.

Padre mmoja aliwahi kuniazima kitabu cha historia chenye picha za vijiji vya mawe vya Ulaya juu ya milima, na kikasema ni vya karne za kati, ni hazina, wageni husafiri mbali kuvitazama. Nikahesabu wakubwa wetu wa kijiji kama bibi alivyonifundisha kuwataja. Ni ishirini na wawili. Nikampa kila mmoja miaka ishirini na mitano, nikarudi nyuma kutoka 1921, nikafika 1371. Kwa hiyo kuta zetu ni rika moja na zile za kitabuni. Sikumwambia padre. Lile neno lilikuwa limeshasemwa.

Ndani ya lango kuna matuta saba ya mawe, yamepangwa bila udongo, moja juu ya jingine kama ngazi. Juu ya matuta ya chini zilisimama nyumba. Kuta za matuta manne zimebomolewa. Mawe yake nimeyaona mferejini. Kwenye tuta la tano ndipo walipokuwa wahunzi, na mavi ya chuma, mabaki ya tanuri zao, bado yametapakaa, mazito na meusi. Lile jiwe pana lililogongwa kuita watu bado lipo. Faradji aliligonga kwa fimbo yake, likalia vilevile, sauti ndefu ya kengele, na sisi wawili tukageuka kutazama langoni kana kwamba kuna mtu atatokea.

Makaburi yalikuwa tuta la juu kabisa. Usiwaambie wazee wa ukoo kwa ghafla. Hapo pamesawazishwa, pamejengwa banda la mashine. Nilitafuta hata jiwe moja la kichwani. Nilizunguka mara mbili, nikipima kwa hatua kutoka ukingoni kama nilivyokumbuka. Hakuna. Kwa hiyo hata mkishinda barazani, mtakuwa mmeshinda kitu kisichokuwapo.

Kutoka pale unaona mto Luama wote, unapinda mara tatu, na moshi wa mashamba ya kando ya barabara. Hilo hawajaweza kulihamisha.

Mwisho tukaenda pangoni. Mafiga matatu ya bibi yapo, yamekaa vilevile, na majivu yameganda kati yake kuwa kama udongo mgumu. Niliketi. Faradji aliyajua yote, nilikuwa nimemsimulia njiani. Akakusanya vijiti vikavu, akaviweka kati ya mafiga, akanipa kiberiti chake.

"Washa basi," akasema. "Si ndivyo kijiji kinavyoamshwa?"

Nilikishika kile kiberiti muda mrefu. Nilitaka kuwasha, Pascaline, naapa. Lakini moto ule ni wa kupelekwa nyumbani, na sikuwa na nyumba ya kuupeleka hata moja. Ningewasha, tungeutazama, ungezimika, na mimi ningekuwa nimeuzima mara ya pili. Nikamrudishia kiberiti chake. Hakunitania tena mpaka tulipofika chini.

Sasa jibu langu. Msiandike jina langu kati ya mashahidi. Nikisimama barazani, jalada litafunguliwa, na neno langu la 1921 litasomwa mbele ya neno langu la leo. Nalo la kwanza lina saini na muhuri. Nitawaharibia hata kile kidogo mlicho nacho. Octave awasemee ukoo peke yake. Aseme "kimelala," alitumie neno hilohilo hata wakicheka, ingawa sidhani litasaidia. Mpaka ulishachorwa, na baraza ni la kuutangaza tu.

Katika karatasi ya pili nimekuandikia majina ya wale ishirini na wawili kwa mpango wake. Sijui yatakufaa kwa nini. Jina la ishirini na tatu lingekuwa la baba wa mama yako na wangu, kama kijiji kingeamka.

Nisalimie Octave, na Mado shemeji yangu, na mzee Abedi kama bado yu hai. Faradji akipita Kasongo mpe chakula kizuri. Usimuulize chochote kuhusu Julai. Mungu awatie nguvu mikononi na awape usingizi usio na maswali. Ukoo wakiniulizia, uwaambie wewe niliyoyaandika, kwa maneno yako, maana yako ni mazuri kuliko yangu.

Msiniwekee mkeka tarehe 20 Machi, wala mwaka mwingine wowote. Sitarudi.

Ni mimi, akupendaye na aliyekukosea,
Mjomba wako Raphaël