Mafua ya Bibi

Boko, Jumapili

Shangazi Nawal, shikamoo.

Sijamwambia mtu: tangu tumzike Bibi sijalia. Nakula, nasoma, basi.

Matangani Mjomba Mazin alileta utani: "Nawal anabashiri mafua ya dunia nzima kwa kompyuta, ya mama yake yamempita?" Watu wakacheka. Sikuweza kusema kwamba kompyuta yako hubashiri kirusi kitakavyogeuka kwa kusoma jeni za virusi vilivyopimwa, na Bibi hakupimwa. Tulimpa tangawizi.

Juzi nikashikwa na homa na kikohozi kama chake. Nilikwenda hospitali kuomba kipimo.

"Mafua tu haya, mdogo wangu," muuguzi alisema.

"Hata ya Bibi tuliyaita hivyo."

Akaniingiza kijiti puani, akakifunga kwenye kichupa cha kupeleka maabara. Nikarudi nyumbani, nikalala. Kama ni kirusi, labda hiki kitafika kwenye kompyuta yako.

Mwanao,
Abrar