Mabwana Walipomjia Tekle

Kijiji cha Natsvala,
Guria, Georgia.
18 Machi 2018

Mpendwa wifi yangu Nanuli,

Nakusalimu kwa moyo mmoja, mimi na kaka yako Otari na watoto. U hali gani huko Bari? Mgongo umekuachia? Na yule bibi unayemtunza, bado anakataa supu yako mpaka uonje kwanza mbele yake? Mvumilie tu, wazee ni wazee. Usinicheke mwandiko wangu, unajua shule niliiacha mapema nikaenda kuchuma chai.

Sisi huku ni wazima sasa. Nasema sasa, na Tekle wetu yupo hapa mezani anakula mkate kwa jamu ya tini, kwa hiyo usianze kulia kabla hujafika katikati ya barua. Alipatwa na surua. Nimenyamaza mpaka leo kwa sababu ungeacha kazi na kupanda ndege, halafu tungekuwa na wagonjwa wawili.

Wifi, mama yako amenichosha. Nampenda, Mungu ni shahidi, lakini amenichosha mpaka kwenye mifupa.

Unajua mwenyewe ilivyo. Kwa watu wengine surua ni surua. Kwa mavyaa ni Mabwana. Wageni wakubwa wasioonekana wamekuja kumtembelea mtoto, basi nyumba nzima iwapokee. Vipele vilipotokea tu usoni, akatundika vitambaa vyekundu ukutani, akajaza sinia karanga na peremende, akachuma maua ya urujuani huko bondeni na magoti yake yale mabovu. Kuku asichinjwe, sindano ya kushonea isishikwe. Na zaidi ya yote, mtu asikasirike. Mabwana wakisikia neno kali, wanamwadhibu mtoto.

Mimi sikatai. Nami nililala chini ya vitambaa hivyohivyo nikiwa mdogo, na mama yangu akaniimbia, na nilipona. Lakini Nanuli, jaribu wewe kuishi na mama yako siku chungu nzima bila kukasirika. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Kaka yako naye kazi yake ilikuwa kukaa mguuni pa kitanda kupiga zeze, na unajua anavyopiga. Nikamwambia kwa sauti ya asali kwamba anapiga vizuri sana, apumzike kidogo. Akaniambia hajachoka.

Homa ikapanda. Tekle akaanza kupumua kama mbwa aliyekimbia, mbavu zinaingia ndani. Nikamwita Daktari Inga. Huyo naye hana subira, alianza kutufokea tangu getini, akamsikiliza mtoto kifua huku akifoka, kwamba mtoto anaungua na sisi tunaimba, kwamba tunaishi karne gani. Mama yako alimtabasamia, akamsifia viatu, akamsindikiza nje, akamfungia mlango.

Nilimkimbilia daktari mpaka barabarani. Akaniambia kifua cha mtoto kimeshaingiwa na nimonia, apelekwe hospitali leo hii, akibaki ndani atatufia mikononi.

Nikarudi. Hapo ndipo tulipogombana, mama yako na mimi, juu ya kitanda cha mtoto, tukiwa tunacheka kama mabibi harusi.

"Mama, ua langu," nikamwambia, "huyu mtoto anakufa."

"Kipenzi changu," akasema, huku akinipapasa shavu, "ukimtoa nje na wageni hawajaaga, wewe ndiye utakayemuua."

"Roho yangu, daktari amesema mapafu."

"Daktari amefoka mbele yao, nuru ya macho yangu. Unadhani homa imepanda kwa nini?"

Wifi, nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda nisije nikamshika yeye. Nikaona kwa kubishana sitamweza. Isitoshe alikuwa ameshamfunika mtoto shuka mara tatu, nikajua anamwogopea kama mimi, ila woga wetu umeingilia milango miwili.

Basi nikapiga magoti. Nikawaambia Mabwana kwa adabu zote kwamba kijiji chetu ni kidogo, nyumba yetu ni duni, na peremende zetu ni za rejareja. Kama wamechoka kukaa kwetu, kule mjini kuna nyumba kubwa yenye vitanda vyeupe, na sisi tutawapeleka kwa gari. Nikamuuliza Tekle wageni wanasemaje. Mtoto akafumbua jicho moja lililovimba, akasema wanataka gari.

Mama yako akanitazama, nami nikamtazama. Mgeni akitaka safari, mwenyeji atasemaje? Akaondoka kwenda kuchukua koti.

Shalva wa jirani alitoa gari lake. Alilalamika njia nzima, kwa sauti nyororo, kuhusu maua aliyofungiwa kwenye vioo. Tuliimba mpaka mjini. Kwenye kona mama yako alitapika, akajifuta, akaendelea na ubeti.

Hospitali nako vituko. Nesi, mwanamke mnene anayeitwa Lamara, akabandua kitambaa chekundu kitandani akisema hapa si harusini. Tekle akalia mpaka akajinyofoa mpira wa hewa puani, midomo ikawa ya bluu.

Akaja daktari wa zamu, Daktari Gela. Huyo hakufoka na hakucheka. Akamuuliza mama yako wageni wanataka nini na hawataki nini, kama mtu anavyouliza habari za mgonjwa. Mama yako akamwambia. Akasema kitambaa kifungwe kwenye taa, macho ya mtoto hayapendi mwanga hata hivyo. Kuimba, ruhusa, lakini polepole, wodini kuna wengine. Sindano lazima. Mama yako akasema basi waombwe radhi kwanza.

"Lamara, omba radhi," daktari akasema.

"Mimi?"

"Sindano iko mkononi mwa nani?"

Lamara akanung'unika, "Samahani, waheshimiwa." Mama yako akamwambia aseme tena, na safari hii atabasamu. Akasema tena. Tekle akatoa mkono mwenyewe.

Wiki nzima ikawa hivyo. Siku ya mwisho Lamara alikuwa anaomba radhi bila kukumbushwa, hata kwenye vitanda visivyohusika.

Juzi tumerudi. Mama yako akawaaga Mabwana mpaka getini, akarudi, akakaa jikoni, akaweka mikono magotini.

"Wameshaondoka," akaniambia. "Sasa yatoe ya moyoni."

Nikayatoa, wifi. Yote, mpaka Shalva akatoka uani kusikiliza. Mama yako alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Na mlango niliomfungia daktari, umeusahau." Nikalia, naye akalia, kaka yako akakimbilia zeze, tukamfukuza sote wawili.

Sasa kuna Lado wetu mdogo. Daktari Inga anasema surua bado inazunguka kijijini, na chanjo ni Alhamisi kule mjini. Nimemwambia mavyaa nampeleka, wageni wakubwa kama hawa mara moja inatosha. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Ameuliza tu basi linaondoka saa ngapi.

Nisalimie Tsitsino na wanawake wote wa kwetu mnaokutana Jumapili. Otari anakusalimu, Tekle anakubusu, mama yako anasema vaa soksi. Mungu akulinde na akurudishe kwetu ukiwa na mgongo ulionyooka.

Mimi wifi yako nikupendaye, na nilalamikaye,
Guliko