Kila Hoja kwa Mkono wa Mwenyewe

Barabarani, Newala
18 Agosti 2025

Mpendwa Dada Dorika,

Shikamoo, Mama Loveness. Naandika nikiamini kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa Pasaka limepata nafuu, na kwamba Loveness na wanafunzi wake huko Chiwata hawajambo. Sisi huku tunakwenda. Mikorosho imetoa maua vizuri mwaka huu, salfa tumepuliza mara mbili, na mbuzi wako niliyeachiwa amezaa mapacha. Wifi yako Julia anakusalimu sana. Amesema ukirudia kumwambia mtu kwamba ugali wake una madonge, atakuja Chiwata akupikie huo huo wiki nzima.

Najua umeniwekea kinyongo kwa ajili ya simu. Nimetazama katika shajara yangu nikaona umenipigia mara kumi na moja tangu Januari, na sikupokea hata moja. Julia alikuwa akikuambia niko shambani. Dada, sikuwa shambani. Sisikii. Tarehe 6 Juni 2023 niliandika kwamba kengele ya kanisa haikupigwa, na Julia akaniambia imepigwa kama siku zote. Kufikia Agosti mwaka ule nilikuwa naona midomo ya watu tu. Daktari wa Masasi alisema mishipa ya masikio imekufa na kifaa cha kusikilizia hakitanifaa. Watoto walikuwa wananiamkia njiani nawapita kama visiki, hata ikasemwa kwamba mimi, katibu wa maji, nimeota mapembe. Niliona afadhali niitwe mwenye maringo kuliko kiziwi. Wewe ni mtu wa mwisho kuambiwa, nawe ulistahili kuwa wa kwanza. Sababu yake iko mbele katika barua hii.

Wala sijasahau ulivyosema siku unapanda gari kwenda Chiwata, kwamba hutakanyaga tena kitongoji chako cha Mkwajuni mpaka ijulikane nani aliagiza iandikwe katika muhtasari wa kikao kwamba wewe, mjumbe wao, uliunga mkono bomba lao lihamishiwe huku Barabarani. Maneno hayo Julia aliniandikia kwenye kiganja. Najua pia wanawake wa Mkwajuni walivyokuita muuza maji. Nitafika huko. Kwanza nikueleze habari ya kishikwambi, maana bila hicho nisingethubutu kufika.

Tarehe 12 Aprili mwaka huu nilisimama mbele ya kamati ya jumuiya yetu ya watumia maji, nikawaambia kwamba sisikii, na kwamba kama wanataka katibu mwingine nitakabidhi mafaili siku hiyo hiyo. Mwenyekiti, Mzee Uwesu, alichukua kalamu yangu akaandika nyuma ya ajenda: "Kumbe ndiyo maana hubishani nami. Nilidhani una adabu." Wote walicheka. Jafari, ambaye unajua anavyoitamani kazi hii, aliandika chini yake kwamba katibu asiyesikia ni mlinzi asiyeona. Mwisho wakanipa miezi mitatu nitafute njia ya kuandika vikao kwa haki. Nikishindwa, Jafari achukue.

Nilianza na daftari kubwa, lizunguke kila mtu aandike anachosema. Vikao viwili tu likaisha, na kurasa mbili zilichanwa na mtu aliyetaka kufungia karanga. Nikajaribu simu, ile inayogeuza sauti kuwa maandishi. Mtandao ulikuja na kuondoka, na wazee wetu wakichanganya Kiswahili na Kimakonde, simu iliandika matokeo ya mpira. Ndipo shemeji yangu Anthony, mdogo wake Julia anayeuza simu Dar es Salaam, akaniandikia kwamba viko vishikwambi vya kuandikia kwa kalamu, vingine vimetengenezwa vifanane na karatasi. Kamati ikakubali kununua kimoja, na kazi ya kuchagua nikapewa mimi.

Unanijua, dada. Nilichora jedwali. Anthony alikuja likizo mwisho wa Mei na viwili, na kingine niliazima kwa Kasisi Walter, anayeandikia mahubiri yake humo. Sikuvijaribu peke yangu, kwa sababu watakaoandika ni wajumbe. Nilivipeleka kwa watu, barazani na juani, kwa wenye miwani na wasio nayo, na kwa Bi Kibibi ambaye vidole vyake vimeungua kwa mafuta ya maganda ya korosho hata simu yake mwenyewe haimtambui.

Cha kwanza kilikuwa kizuri kwa macho, kina rangi zote. Juani kikawa kioo cha kujitazamia, Bi Kibibi akakitumia kuweka kilemba chake sawa. Kalamu iliteleza juu yake kama mguu kwenye utelezi, na mtu akiegesha kiganja, mambo mengine yanafunguka. Mzee Ashiru aliegesha chake, nikaona wote wameruka. Kumbe kimefungua muziki wa harusi kwa sauti ya juu, mimi peke yangu nikiwa nimetulia kama jaji. Chaji yake iliisha kabla hatujafika kwenye mengineyo.

Cha Kasisi hakiwaki taa wala hakina rangi. Jua likizidi, maandishi yanazidi kuonekana. Kalamu inakwaruza kidogo, unaihisi mkononi kama uko darasani, na kiganja ukikiegesha hakijali. Chaji inakaa wiki mbili, na kwa umeme wetu huo ni utajiri. Ila ni kidogo kama kitabu cha nyimbo, na Mzee Uwesu huandika herufi za ubao wa shule. Maneno yake matatu yalijaza ukurasa. Cha tatu kilikuwa cha aina ile ile, lakini upana wake ni wa karatasi ya kupigia chapa. Nacho kina ila zake. Kufunua ukurasa ni polepole, na ncha ya kalamu inalika. Bi Kibibi anaandika kama anayepanda mahindi, akamaliza ncha moja kwa mwezi wa Juni pekee, na za akiba zinatoka Dar. Nikaandika katika jedwali: hiki.

Siku ya kukipitisha, Mzee Ashiru aliomba akishike. Aliandika jina lake vizuri, akageuza kalamu, akalifuta kwa kile kitako chake, kisha akamwonyesha kila mtu. Hakuna alama hata ya kidole. Akaandika tena, kwa herufi kubwa: "Maandishi yanayofutika bila kovu, tutamwamini nani?" Swali lile lilinichoma kuliko alivyokusudia, nami nikaomba siku saba.

Nilirudi na utaratibu, na utaratibu huo, dada, ndio ninaojivunia kuliko kifaa chenyewe. Kila mjumbe anaandika hoja yake kwa mkono wake mwenyewe, na jina lake. Mimi naandika tarehe, ajenda na azimio tu. Asiyejua kuandika anamchagua mwandishi wake, si mimi, anasomewa mbele ya wote, kisha anatia alama yake. Hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka. Na kabla mtu hajainuka kwenye benchi, kurasa zote zinatumwa kwenye kundi letu la simu, ili atakayetaka kuzibadili baadaye akazibadili katika simu kumi na nne.

Kikao cha tarehe 12 Julai kiliendeshwa hivyo. Natamani ungeona. Kilichukua saa nne badala ya mbili, lakini watu waliacha kurukiana maneno, maana anayeandika hawezi kukatizwa. Bi Kibibi aliandika: "Tujihadhari, umbea wetu sasa una kumbukumbu." Mzee Ashiru alipiga mstari juu ya neno lake mara mbili, akajipongeza. Jafari, nilipompa kalamu aseme kuhusu ukatibu, aliandika: "Nimeshindwa na kalamu isiyo na wino." Nilibakizwa kwa kura tisa. Ofisi ya maji mjini ilipopata kurasa zile iliuliza nani amebuni, na jumuiya mbili za upande wa Tandahimba zimekuja kutazama. Nimekaa nao barazani kwangu, kiziwi huyu, nikiwafundisha namna ya kuendesha kikao.

Sasa lile.

Tarehe 9 Machi 2024, kikao cha bomba, nilikuwa sisikii kwa miezi saba. Niliketi mwisho wa benchi kama kawaida. Nilikuona umesimama. Uliinua mkono, midomo yako ikaenda kwa muda mrefu, watu wawili watatu wakatikisa vichwa, ukaketi. Ningeweza kukuuliza umesema nini, lakini ningegundulika. Nikaandika: "Bi Dorika, mjumbe wa Mkwajuni, aliunga mkono hoja." Hakuna aliyeniagiza. Mzee Uwesu, uliyemshuku, hakubadili neno. Alitia saini bila kusoma, kwa kuniamini. Uongo ule ni wangu, kwa mwandiko wangu ule mnaousifu. Ofisi iliona mjumbe wa kitongoji chenyewe ameridhia, ikapitisha, na bomba likaja huku ninakokaa mimi. Katika shajara siku ile niliandika mstari mmoja tu: "Leo nimekisia." Watu walipokutukana nilinyamaza. Nilikusindikiza mpaka kituo cha gari, nikakubebea na begi.

Juzi Jumamosi, tarehe 16, nimeyasema haya yote mbele ya kamati, na niliomba wanawake wa Mkwajuni waalikwe. Walikuja kumi na tisa. Nilisimama nikasoma, nisijue sauti yangu ni kubwa au ndogo. Nilipomaliza, Mzee Uwesu alichukua kalamu akaandika: "Mwaka mzima dada yako alikuwa akinipita bila salamu, na wewe unakuja kwangu unakunywa chai." Ukurasa huo umo katika muhtasari kama alivyouandika. Mama mmoja wa Mkwajuni, anayebeba madumu yake kutoka huku Barabarani kila asubuhi, aliandika kwamba wao ndio wanaopaswa kukuomba radhi, na kwamba nyumba yako wameifagia.

Kamati imeamua mawili. Suala la bomba linarudishwa ofisini likaangaliwe upya. Na ukatibu wangu utaamuliwa kikao cha tarehe 13 Septemba, baada ya wewe kusema neno lako, kwa kuwa uliyekosewa ni wewe. Ukisema nitoke, nitatoka, na Jafari nimekwisha kumfundisha kazi yote. Sikuombi unitetee. Kazi ile nimeijenga vizuri, inaweza kusimama bila mimi.

Ninachokuomba ni kingine. Ili ofisi ilirudie suala hili, muhtasari wa siku ile lazima usahihishwe, na hapo nimekwama. Watu sita wamenieleza uliyosema, kila mmoja kaeleza lake. Mmoja anasema ulikataa kwa hasira, mwingine anasema uliwataja watoto wa shule, mwingine anasema uliongea kama marehemu Baba. Mimi niliyekuwa karibu nawe kuliko wote, mpaka leo sijui ulisema nini. Sitaki kukisia tena. Katika kishikwambi nimefungua ukurasa wenye jina lako na tarehe ile, na chini yake sikuandika kitu. Ukija, kalamu ni yako. Kama goti halijakuruhusu, nimefunga pamoja na barua hii karatasi moja iliyopigwa chapa ya ukurasa huo. Andika kama ulivyosema, hata kama ulinitaja mimi kwa ubaya. Nimekuachia ukurasa mzima.

Msalimie Loveness, mwambie mjomba wake sasa anaamkiwa kwa kupungiwa mkono na anaitikia kila mtu. Wasalimie na majirani zako wa Chiwata waliokupokea. Julia anaongeza kwamba mapacha wa mbuzi bado hawana majina, wanamsubiri mwenyewe.

Nisamehe, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Dastani